Kilemba Kilichonukia Sukari

Kama ulikuwa nami Jumamosi iliyopita, uliniacha nimekaa eda hapa mtaa wa Kiwanjani, Isiolo, nimevaa nyeupe, simu mkononi na mlango umerudishwa. Kama ndiyo kwanza unanikuta, karibu, hujachelewa. Balaa langu halina haraka.

Mimi ni Hamdia, nauza unsi, uvumba wa kufukizia nguo, mtandaoni. Mume wangu, Hanad, alikuwa na lori akibeba mbuzi kutoka Kipsing. Jumanne ile mvua ilipoanza aliondoka peke yake, kwa sababu utingo wake alikuwa na malaria. Lori likapatikana limelala ubavu korongoni. Mchunga mifugo mmoja wa huko, Emuron, akakuta mtu kando yake, amekwisha kufa, uso haufai kutazamwa. Waislamu wa kijiji cha karibu wakamsitiri siku hiyo hiyo, maana jua la kule halingojei ndugu wafike.

Nyumbani vililetwa vitu viwili tu. Kitambulisho cha Hanad kilichokuwa ndani ya lori, na kilemba chekundu chenye mirabaraba myeupe kilichotolewa shingoni mwa marehemu. Vilemba vya namna hiyo wauza mbuzi wote wa Isiolo wanavyo. Lakini hiki wazee walinipa kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, nikaufungua kidogo, nikanusa, nikasema, "Ni yeye."

Kilinukia unsi yangu.

Mzee mmoja akauliza kama huenda kulikuwa na abiria ndani ya lori, maana abiria akifa mikononi mwa dereva, jamaa wa dereva wana diya ya kulipa, fidia ya damu, na ngamia wa diya si mchezo. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe wangu Habibo akajibu, "Mwanangu alikuwa peke yake." Wazee wakainua mikono, dua ikasomwa, nami nikavishwa nyeupe.

Sasa tuendelee na la duka, kwa sababu ni duka lililonifungua macho.

Bidhaa iliyotulisha niliipa jina kwa utani: Rudi Nyumbani. Nilikuwa nikiingia laivu, natandaza shati la Hanad juu ya kikapu kilichopinduliwa, chetezo chini yake, moshi unapanda. Nawaambia wanawake, "Mfukizie hii. Hata akifika Moyale, pua itamgeuza!" Walinunua Garissa, wakanunua Nanyuki, Eastleigh ndiyo usiseme. Makondakta wa mabasi ya Nairobi walinijua kwa jina.

Baada ya msiba, oda zilikauka.

Kwanza nilidhani ni adabu, watu wanaona haya kumsumbua mfiwa. Nikangoja. Nikashusha bei. Nikaweka nunua mbili upate ya tatu bure. Kimya. Mtu wa Nanyuki aliyekuwa akichukua za kujaza katoni akaniandikia "pole sana dada" halafu akanunua kwa mwingine, nikaona kwa macho yangu kwenye ukurasa wa huyo mwingine.

Nikasema tatizo ni mimi kutoonekana. Mwenye eda hajipambi wala hajitii manukato, seuze kujitangaza mbele ya watu. Basi nikamwita wifi yangu Mulki, mdogo wake Hanad, nikamwambia ashike chetezo badala yangu.

"Abaayo, dada yangu, nashika hivi?"

"Mulki, unakohoa! Nani atanunua kitu inamkohoza mwenye anauza?"

"Si ni moshi! Unataka nivute kama shisha?"

Tukaiweka hivyo hivyo. Maoni ya kwanza yalipoingia, Mulki aliificha simu nyuma ya mgongo. Nikamnyang'anya.

"Kama Rudi Nyumbani inafanya kazi," mtu ameandika, "mbona wa mwenyewe hakurudi?"

Chini yake watu wamecheka mpaka nikachoka kuteremsha. Nililia siku ile, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, kwa sababu aliyeandika alikuwa na akili. Mimi ndiye niliyewaambia ukimfukizia atarudi. Kaburi la Kipsing likanijibu mbele ya wateja wangu wote.

Mama mkwe naye hakunipa nafasi ya kupumua. "Hooyo," aliniambia, neno la Kisomali la mama, ambalo mama naye humwitia mwanawe, "hii duka imekufa. Ukimaliza eda, enda kwa watu wako Nanyuki. Wewe bado kijana. Hii nyumba itakumaliza."

Nilishangaa. Tangu niolewe, Habibo hajawahi kunitaka niende popote. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika unsi, akanishika mkono juu ya sufuria sukari isinichome. Sasa ananionyesha njia ya Nanyuki.

Na katika hayo yote, harufu ikaanza.

Nieleze vizuri, maana hapa ndipo wengi wataniambia nimerukwa na akili. Unsi ya dukani na unsi ya nyumbani kwangu hazikuwa moja. Zote mbili ni sukari, ubani, msandali na mafuta ya manukato. Lakini ya dukani niliitia sukari nyingi ili iongezeke, biashara ni biashara. Ya Hanad niliitia sukari kidogo na ubani wa maidi, ule wa gharama unaotoka kwa kina Habibo, na harufu yake ni kavu, inapanda taratibu puani. Ile sikuuza hata chembe. Ilikuwa ya mwanamume mmoja.

Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri, niko kwenye mkeka, ukumbi mzima ukanukia maidi.

Sikuwa nimewasha kitu. Chetezo changu kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa, baridi. Nikainuka, nikasimama katikati ya ukumbi nimeganda. Ilikuwa harufu ya Hanad anapotoka chumbani Ijumaa, shati limemkaa, anauliza funguo za lori ziko wapi. Nikasema kwa sauti, "Hanad?" Wallahi nilimwita.

Nyuma ya mlango wake, mama mkwe alikohoa.

Alhamisi iliyofuata ikaja tena, saa ile ile ya baada ya alasiri. Nikamgongea mama mkwe mlango, akafungua kiasi cha kutoa uso.

"Mama, unasikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Ya Hanad."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Soma Ayatul Kursi ulale," akasema, akafunga.

Nilisoma. Harufu haikujali. Kila Alhamisi ilikuja, ikakaa, ikaondoka, nami nikaanza kuogopa nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa nikiingia jikoni kwa kupiga hodi. Cheka ukipenda.

Mulki, asiyeamini chochote kisichokuwa na chaji, ndiye aliyeniletea dawa ya duka.

"Tuwache kuposti," alisema. "Wapigie. Wale wateja wa zamani wote wenye walichukua Rudi Nyumbani mara mingi halafu wakapotea. Uliza mmoja mmoja, mbona uliacha? Watu hawasemi ukweli kwa komenti, wanasema kwa simu."

Ilikuwa akili nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Na nilihitaji sauti za watu, hata za kunitukana.

Nikapiga. Wa kwanza akasema mumewe amepata kazi Mombasa. Wa pili akasema amepata mtoto, moshi umekatazwa. Wa tatu, mama mmoja wa Garissa, alikuwa mkweli zaidi. "Dada, usikasirike. Mimi naogopa hiyo kitu yako. Yule wako hakurudi. Na huyu wangu nimemzoea."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Mulki akacheka, tukakumbuka tuko kwenye nyumba ya eda, tukaziba midomo.

Ndipo nikampigia Tari.

Tari ni wa hapa hapa, Chechelesi, Mborana, mteja wangu wa tangu siku za mwanzo. Sikuwahi kumwona uso. Alikuwa akituma pesa, bodaboda anapeleka.

"Salaam aleikum, dada Tari. Ni Hamdia wa unsi."

"Aleikum salaam. Hamdia, pole na mzee. Nilisikia."

"Asante. Nauliza tu, mbona uliacha kuchukua?"

Akasema, "Sasa nitafukizia nani?"

"Kwani baba watoto?"

"Umuro alienda. Tulikosana, dada. Alikuwa anataka kuongeza mwingine huko Merti, mimi nikakataa. Hiyo asubuhi nikachukua unsi yako, nikafukizia kilemba yake. Nikasema, wacha aende, lakini arudi. Akajifunga, akatoka, hata hakuniaga."

"Kilemba gani?"

"Si hii nyekundu ya wauza mbuzi."

Mulki alikuwa akinitazama. Nikamgeuzia mgongo.

"Ilikuwa lini?"

"Ile Jumanne mvua ilianza. Majirani waliona akipanda lori. Lori ya nani, hakuna mwenye anajua. Simu yake ni mteja, haipatikani, tangu siku hiyo. Ndugu zake wananiambia nivumilie, lakini mimi najua wanamficha, wako na yeye huko kwa huyo mwanamke." Sauti yake ikakatika, akaikusanya. "Dada, wewe ndiye unajua hii kitu. Niendelee kufukizia nguo zake ama niwache?"

Nitakuambia nilivyojibu. Nilijua swali lilikuwa limebeba nini. Nilikuwa nimekwisha kuona lori, korongo, na kilemba ndani ya mfuko. Na mdomo wangu, mdomo wa muuzaji, ukajibu wenyewe.

"Endelea, dada. Atarudi."

Akanishukuru. Akaagiza nyingine mbili.

Kesho yake Mulki aliingia anakimbia. Tari alikuwa ametuma sauti kwenye kundi la wanawake wa Isiolo, na sauti ile ilikuwa imeruka mpaka Nairobi. Nikaisikiliza. "Mwenye unsi mwenyewe, na vile amefiwa, amekaa eda, ameniambia kwa mdomo wake nisichoke, atarudi. Mtu amepoteza wake na bado anaamini. Mimi naendelea. Na nyinyi mwendelee."

Oda ziliingia mpaka simu ikapata moto. Yule wa Nanyuki akarudi na katoni zake. Yule mama wa Garissa mwenye kuogopa akaagiza mbili, moja ya dada yake. Aliyeandika yale maoni ya kejeli akafuta, akauliza bei. Rudi Nyumbani ilikuwa imefufuka, na imefufuka kwa uongo wangu juu ya mume wa mtu.

Mulki akapiga vigelegele. Habibo akatoka chumbani kwake. "Hii ni nyumba ya matanga ama ya harusi?"

"Hooyo, duka imerudi!"

Nilitegemea mama mkwe atafurahi. Alinitazama mimi, akaitazama simu, akarudi ndani. Nilimwona ameogopa, nikadhani anaogopa watu watasema.

Mchana ule sikula. Nilimtuma Mulki stendi na vifurushi, nikajifungia, nikautoa ule mfuko wa plastiki chini ya godoro. Tangu siku ya wazee sikuwahi kuufungua tena. Niliogopa harufu itaisha, nami sina kingine cha Hanad. Mwenye eda haruhusiwi manukato, na kama kunusa kilemba cha marehemu ni dhambi, Mungu alijua haja yangu.

Siku ile ya kwanza nilikuwa nimelia mpaka pua imeziba. Nilisikia unsi. Sikusikia ni ipi.

Sasa pua ilikuwa safi. Nikafungua, nikaingiza uso wote.

Sukari.

Nikatoa uso, nikavuta hewa ya dirishani, nikarudia. Sukari iliyoungua, msandali wa bei nafuu, mafuta ya waridi ninayonunua kwa galoni. Maidi haikuwemo hata kidogo. Niliyekuwa nikimnusa alikuwa amefukiziwa bidhaa ya dukani kwangu, iliyouzwa, ikapelekwa na bodaboda.

Nilikaa chini. Nilitamani kufurahi, kwa sababu Hanad hakuwa kwenye lile kaburi. Furaha haikuja. Niliona uso wa Tari nisioujua, anatandaza nguo za Umuro juu ya kikapu, anangoja kwa neno langu. Nilikuwa nimekaa eda ya mume wa mwanamke mwingine, na mwenye eda yake nilimwambia atarudi.

Nikampigia. "Dada Tari, njoo kwangu. Mimi siwezi kutoka. Usiulize kwa simu."

Alikuja Alhamisi baada ya alasiri. Mwanamke mfupi, dera la maua ya manjano, mdomo umepakwa rangi kidogo. Alikuwa amejipamba. Alidhani nina habari za Merti.

Tulisalimiana. Nikamkalisha, chai sikumpa. Nikamwekea mfuko mapajani.

"Hiki ndicho nililetewa," nikasema. "Nikasema ni cha Hanad. Niambie kama nilikosea."

Alinitazama kwanza, kisha akautazama mfuko, na nikaona anaelewa kidogo kidogo bila kutaka. Akakitoa kilemba. Hakukinusa. Alikikunjua, akatafuta pembe moja, ya pili, akafika ya tatu, akaacha kutafuta. Palikuwa pameshonwa kwa uzi wa kijani, mahali padogo, mshono wa mtu aliyeshona kwa haraka.

"Uzi nyekundu iliniishia," akasema.

Basi. Hakupiga kelele. Alikipitisha kidole pale kwenye mshono, akakirudisha, akakipitisha tena. Mimi ndiye niliyelia. Nilimwambia yote, jinsi nilivyonusa siku ile, na jinsi nilivyojua kwenye simu na bado nikamwambia aendelee.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia atarudi."

"Nilikuambia."

Nikatamani anipige. Akajifuta rangi ya mdomo kwa kiganja. Kisha akaushika upindo wa shuka langu, akauvuta, si kwa nguvu.

"Vua hii nyeupe," akasema. "Ni yangu."

Nikaivua. Nilibaki na gauni la ndani mbele ya mgeni, nikamfunika mabega, nikamfunga kichwani kama nilivyofungwa mimi na wanawake siku ile. Na nikiwa bado nimemshika, ikaja.

Maidi. Kavu, inapanda taratibu.

Nikafumba macho. Nilisema moyoni, si leo, Hanad, usije leo mbele ya huyu.

"Hamdia," Tari akasema. "Mbona nasikia unsi?"

Nikafumbua macho. "Wewe pia unasikia?"

"Kwani mimi sina pua? Na hii si ile unaniuziaga. Hii ni ya pesa. Wewe mwenye eda, unafukizia nani?"

Mzimu humjia mtu wake. Hauingii puani mwa mgeni kutoka Chechelesi. Nilisimama pale nikazihesabu pua zilizowahi kujua ile unsi duniani, yangu, ya Hanad, na ya yule aliyenifundisha kupika.

Hofu yote niliyokuwa nayo tangu msiba ilinitoka, ikaja nyingine.

Tukaufuata moshi, Tari na nyeupe yake, mimi na gauni langu la ndani. Ulikuwa ukitoka chini ya mlango wa mama mkwe. Sikupiga hodi. Nilisukuma.

Habibo alikuwa amechuchumaa sakafuni, ametupa mgongo. Mbele yake chetezo, juu ya chetezo kikapu kimepinduliwa, na juu ya kikapu shati jipya la kiume, bado lina mikunjo ya dukani. Mikono mirefu, kola pana. Kipimo kile nimekipiga pasi tangu niolewe. Kando yake mfuko wa safari umefunguliwa, ndani yake mna kikoi, tende, na fungu la miswaki mibichi, iliyokatwa leo, bado inatoa maji.

Mama mkwe hana meno ya kupigia mswaki. Nikakumbuka alivyowahi kumjibu yule mzee wa diya kabla sijafungua mdomo.

Nyuma yangu nilisikia Tari anavuta pumzi. Yeye alikuwa mwepesi kuliko mimi. "Mama," akasema polepole, "wangu yuko kwa kaburi. Wako yuko wapi?"

Habibo hakugeuka. Aliligeuza shati upande wa pili, akalinyoosha kola kwa vidole vyake viwili.

"Ingieni, mfunge mlango," akasema. "Moshi unatoka."